Biro pia inaamrisha: namna fasi ya kazi inavyobadilisha mwenendo wa watu, kuanzia Lubumbashi

Kila asubuhi watu wa Katuba, Kenya na Ruashi wanapanda teksi-basi kwenda kati ya mji wa Lubumbashi kutafuta karatasi: cheti cha kuzaliwa, hati ya kiwanja, risiti ya kodi. Mutu anafika kwenye jengo, anaona korido ndefu yenye milango kumi iliyofungwa. Hakuna kibao, hakuna benchi. Anamuuliza mutu wa kwanza anayemkuta amesimama hapo. Kuanzia dakika ile, mutu yule ndiye anakuwa njia yake, na njia ile huwa na bei.

Wengi wanasema ni tabia mbaya ya watu. Ni kweli kwamba tabia iko na sehemu yake. Lakini kuko jambo lingine ambalo mara nyingi linasahauliwa: korido ile yenyewe imesaidia. Kama kungekuwa na kibao chenye bei, meza moja ya mapokezi na kiti cha kungojea, mutu wa kati angekosa kazi. Njo maana wataalamu wa kazi wanasema fasi si kitu cha kupamba tu. Kuta, milango, madirisha na viti vinawafundisha watu nani anaweza kusema na nani, nani anaonekana, nani anangoja, na kazi inakwenda mbio kiasi gani.

Lubumbashi ni mji mzuri wa kujifunzia jambo hili, kwa sababu mji wenyewe ulichorwa kwa ajili ya kazi.

Mji uliochorwa na kampani

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906. Mwaka 1910 njia ya reli kutoka kusini ilifika, na mji wa Élisabethville ukaanzishwa mwaka uleule. Mwaka 1911 kiwanda cha kuyeyusha shaba kikaanza kazi. Mpaka leo bomba lake refu la moshi na mlima mweusi wa takataka za shaba ni alama ya mji.

Wabelgiji walipanga barabara zilizonyooka, na wakatenganisha watu. Mwaka 1921 mtaa wa Waafrika ulihamishwa ukajengwa upya kwenye fasi inayoitwa leo Kamalondo. Kati yake na mji wa wazungu kuliachwa eneo tupu lenye upana wa mamia ya mita. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya: mbu wa malaria asiweze kuruka kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Lakini boi na karani walivuka eneo lile kila siku asubuhi na jioni. Kile ambacho eneo lile lilifundisha vizuri zaidi ni kila mutu kujua fasi yake.

Kwa wafanyakazi wake, kampani ilijenga kambi. Mwanzoni ilichukua wanaume kwa muda mfupi na kuwarudisha mukini. Watu walikufa wengi, wengine walikimbia, na kila mara ilibidi kufundisha wapya. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, ikabadilisha mpango: mufanyakazi aje na mke na watoto, apewe nyumba, posho, hospitali na masomo ya watoto. Kwa hesabu ya uzalishaji, mpango huo ulifaulu. Watu walikaa miaka mingi, wakapata ufundi, na vifo vikapungua. Njo hapo watu wa Katanga walianza kusema kwamba kazi njo baba, kazi njo mama.

Lakini nyumba ya kambi ilikuwa pia chombo cha kuchunga. Kiongozi wa kambi alijua nani amelala, nani ana mugeni, mke wa nani amefanya biashara ya pombe. Kupoteza kazi kulikuwa kupoteza nyumba, chakula na shule kwa siku moja. Mutu mwenye nyumba ya namna hiyo hasemi sana mbele ya shefu wake.

Ukimya uliodanganya wakubwa

Hapa kuko funzo ambalo kila mkubwa wa kazi angelishika. Fasi inayowafanya watu wanyamaze haiwafanyi waridhike. Inamfanya tu mkubwa asisikie.

Wakati wa vita ya pili ya dunia kazi iliongezeka, bei zikapanda, mishahara haikufuata. Waafrika hawakuwa na haki ya kuunda sendika. Mwezi wa 12 mwaka 1941 wafanyakazi waligoma. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, na askari wakawapiga risasi. Hesabu ya waliokufa bado inabishaniwa mpaka leo. Angalia fasi yenyewe: watu maelfu waliokuwa na jambo la kusema hawakuwa na chumba wala meza ya kulisemea, isipokuwa uwanja wa mpira. Sendika za Waafrika ziliruhusiwa 1946, tena kwa masharti.

Haiwezekani kusema kwamba meza moja ingezuia mauaji yale. Chanzo kilikuwa mshahara na utawala wa kikoloni. Lakini mpango wa fasi ulifuata utawala ule, na uliufanya uzibe masikio yake wenyewe.

Jengo zuri peke yake halitoshi

Baada ya serikali kuchukua kampani mwaka 1967, jina lilibadilika mpaka kuwa Gécamines. Biro kuu ilibaki Lubumbashi. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwisho wa miaka ya 1990 ilikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, ameandika juu ya watu hawa kama watoto walioachwa na baba yao.

Majengo hayakuanguka wakati ule. Meza zilikuwapo, vyumba vilikuwapo. Kilichokosekana ni feza ya kutengeneza mitambo, uongozi mzuri na mshahara. Basi, asidanganywe mutu: rangi mpya na viti vipya haviwezi kuchukua fasi ya mshahara unaofika kwa wakati.

Jambo hili lilionekana pia Marekani. Kati ya 1924 na 1932, kwenye kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, watafiti walijaribu kubadilisha mwanga ili waone kama kazi itaongezeka. Mara nyingine kazi iliongezeka mwanga ulipoongezwa, na mara nyingine hata ulipopunguzwa. Elton Mayo na wenzake wakafikia wazo kwamba kuangaliwa, kuulizwa na kupewa heshima kunamgusa mufanyakazi kuliko taa. Watafiti wa baadaye wamezibishania hesabu zile. Hata hivyo swali limebaki: mutu anapobadilishiwa biro, anaona kwamba ameheshimiwa, au kwamba anachungwa zaidi?

Mlango wazi au mlango wa kufunga?

Mwaka 1906, mwaka uleule wa Union Minière, msanifu Frank Lloyd Wright alimaliza jengo la kampani ya Larkin mjini Buffalo, Marekani. Makarani walikaa pamoja katika ukumbi mkubwa ulio wazi, wakubwa wakiwaona wote. Mwisho wa miaka ya 1950, ndugu wawili Wajerumani wa jina la Schnelle walileta wazo lingine: waliondoa kuta, lakini wakapanga meza kwa kufuata njia ya dosie, kwa kuangalia nani anampa nani karatasi. Baadaye kampani nyingi za dunia zilichukua sehemu rahisi tu ya wazo lile: kuondoa kuta na kujaza watu wengi kwenye chumba kimoja, kwa sababu bei yake iko chini.

Wakubwa walisema watu wataongea zaidi. Je, ni kweli? Utafiti wa Ethan Bernstein na Stephen Turban uliotoka 2018 ulifuata kampani mbili kubwa za Marekani zilizohama kutoka vyumba kwenda ukumbi wazi. Maongezi ya uso kwa uso yalipungua kwa karibu 70%, na ujumbe wa kompyuta ukaongezeka. Sababu si ngumu kuelewa. Mutu anayeonekana na wote muda wote anajificha namna nyingine: anavaa vidude vya masikio, anaangalia skrini, anaandika badala ya kusema ili mwenzake asisikie.

Lakini chumba cha peke yake nacho kina kasoro yake. Thomas Allen wa chuo cha MIT alipima namna mainjinia wanavyoongea. Aliona kwamba kadiri umbali kati ya meza unavyoongezeka, maongezi yanashuka haraka sana. Wakiachana zaidi ya mita 30 hivi, ni wachache wanaoongea mambo ya kazi kila juma. Mutu wa orofa ya pili anamsahau wa orofa ya kwanza, hata kama wote wanafanya dosie moja.

Kwa hiyo jibu si "wazi" wala "kufungwa". Jibu linatoka kwenye kazi yenyewe. Muhasibu anayehesabu mishahara ya watu mia tatu anahitaji ukimya na mlango. Watu wa habari wanaotayarisha matangazo ya saa sita wanahitaji kuwa karibu. Mupokeaji wa malalamiko ya mwanamke aliyepigwa nyumbani anahitaji chumba ambacho sauti haitoki. Kuwaweka wote watatu kwenye ukumbi mmoja ni kuwakosea wote watatu.

Umbo la chumba linagusa hata siasa. Bomu lilipoharibu bunge la London mwaka 1941, Winston Churchill aliomba lijengwe tena na umbo lake la zamani, dogo, pande mbili zikitazamana, kwa sababu aliamini umbo lile ndilo lililowafundisha wabunge kubishana uso kwa uso. Lubumbashi nako, bunge la jimbo linafanyia kazi katika jengo la 30 Juin, ambalo lilijengwa katika miaka ya 1950 kama jumba la michezo ya jukwaani, likichorwa na Claude Strebelle na wenzake. Jumba la namna hiyo kwa asili yake linamweka mmoja mbele na wengi kimya. Kulitumia kwa mabishano kunahitaji watu wajitahidi kushinda umbo lake.

Joto, hewa, na siku ya delestaji

Jambo ambalo kila mutu wa biro analijua ni saa nane ya mchana mwezi wa 10. Lubumbashi iko kwenye urefu wa karibu mita 1,200, na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 ni wa baridi. Lakini mwezi wa 10, kabla ya mvua kushika, chumba chenye mabati bila dari kinakuwa tanuru. Uchunguzi wa 2006 uliokusanya tafiti nyingi ulionyesha kwamba kazi ya biro inakwenda vizuri zaidi karibu na digrii 22, na kwenye digrii 30 inapungua kwa karibu 9%. Tafiti nyingi kati ya hizo zilifanyika nchi za baridi, na watu waliozoea joto wanavumilia zaidi. Hata hivyo makosa ya hesabu na hasira kwenye gishe saa ile si siri kwa mutu.

Wengi wanafikiri dawa ni mashine ya baridi. Lakini biro yenye vioo vikubwa visivyofunguka inategemea umeme wa SNEL kwa kila pumzi. Siku ya delestaji, watu wanatoka kukaa nje na kazi inasimama. Jenereta nayo inakula feza na inaleta kelele na moshi.

Wajenzi wa zamani walijua njia nyingine. Jengo likielekeza pande zake ndefu kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni halipigi madirisha sana. Paa likitoka nje ya ukuta, linatoa kivuli. Ukuta wa vitundu unapitisha upepo bila kupitisha jua. Dari juu, na tundu la kutolea hewa ya moto, vinapunguza joto bila senti ya umeme.

Katanga ina mwalimu wake wa jambo hili: kichuguu. Udongo wa vichuguu vikubwa vinavyozunguka Lubumbashi umetumika miaka mingi kuchoma matofali. Mjini Harare, msanifu Mick Pearce alifikiria vichuguu alipochora jengo la Eastgate, lililofunguliwa 1996. Usiku hewa baridi inapitishwa ndani na kupoza saruji, mchana saruji ile inapoza watu. Wanabiolojia wamesema baadaye kwamba kichuguu hakifanyi kazi sawasawa na alivyofikiri, lakini jengo lake linatumia umeme kidogo kuliko majengo ya kawaida ya ukubwa ule.

Kuko pia barza. Neno hili, ambalo hata Kifaransa cha Kongo kimelichukua, linatoka kwenye "baraza" la Kiswahili, na baraza ni fasi ya kukaa mbele ya nyumba, tena ni mkutano wa kuamua mambo. Lugha yenyewe imeshika wazo kwamba kivuli kizuri kinaleta maongezi. Biro nyingi za leo zimefunga barza kwa matofali ili zipate chumba kimoja zaidi. Zimepata chumba, zimepoteza fasi ambapo raia alingojea kwa heshima na wafanyakazi waliongea bila kuitana mkutano.

Gishe na matabishi

Turudi kwenye korido. Fasi ambapo raia na mufanyakazi wa leta wanakutana ina nguvu ya kuzuia au kualika matabishi. Mambo manne yanaonekana mara nyingi.

Kwanza, giza: bei isiyoandikwa ukutani inaweza kubadilika kwa kila mutu. Pili, chumba cha watu wawili tu: mazungumzo ya feza yanapenda mlango uliofungwa. Tatu, dosie kutembea: kila mara karatasi inapopelekwa orofa nyingine, kuko mutu wa kusema "shefu hako, kuya kesho". Nne, kusimama: mutu aliyesimama masaa matatu juani atalipa ili atoke.

Wazo la gishe moja linatoka hapo. Mwaka 2012 serikali ya Kongo iliunda kwa dekreti gishe moja ya kuanzisha biashara, ili huduma zilizokuwa zimetawanyika zikutane fasi moja. Wazo ni zuri, lakini linafaulu pale tu ambapo mwenye kusaini naye anakaa fasi ile. Kama sahihi inabaki jengo lingine, gishe moja inageuka kuwa mlango mmoja zaidi.

Sheria inasema nini

Wafanyakazi wengi hawajui kwamba sheria iliwaza juu ya jambo hili. Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002 inataja kamati ya usalama, usafi na upambaji wa fasi za kazi. Maana yake, hali ya biro si zawadi ya mkubwa. Ni jambo ambalo wafanyakazi wana haki ya kulizungumza.

Sheria ileile inampa mama anayenyonyesha mapumziko mawili kwa siku, ya nusu saa kila moja, bila kukatwa mshahara. Haki hiyo inahitaji chumba. Mama asiyekuwa na fasi ya kujisitiri, au anayefanya kazi penye choo kimoja kisichofunga, ana haki kwenye karatasi tu. Wengine wanaacha kunywa maji tangu asubuhi ili wasiende chooni. Wengine wanaacha kazi, na wakubwa wanasema wanawake hawadumu.

Mambo ya kufanya kwa feza kidogo

Kutoka Goma na Bukavu mpaka Kalemie na Lubumbashi, biro nyingi ziko ndani ya nyumba zilizojengwa kwa ajili ya familia: sebule inakuwa mapokezi, chumba cha kulala kinakuwa cha muhasibu, jiko linajaa dosie. Hakuna haja ya kubomoa. Mambo haya yanaweza kuanza juma hili:

– Kuandika ukutani, kwa Kiswahili na Kifaransa, kila huduma, bei yake, siku zake na nambari ya chumba.
– Kuweka mapokezi karibu na mlango, na viti chini ya kivuli.
– Kufuata dosie moja kwa miguu tangu inapoingia mpaka inapotoka, kuhesabu milango, kisha kukaribisha meza za wale wanaopeana karatasi kila siku.
– Kuacha chumba kimoja kidogo cha siri: kwa malalamiko, kwa simu ngumu, kwa mama anayenyonyesha.
– Kugeuza meza ili dirisha liwe pembeni, si mbele ya macho wala nyuma ya skrini.
– Kufungua madirisha yaliyopigiliwa misumari, na kutia dari chini ya mabati.
– Kutengeneza choo na kufuli lake kabla ya kununua kiti kikubwa cha shefu.
– Kuwauliza wanaofanya kazi humo, pamoja na mufagiaji na mulinzi, kabla ya kusogeza meza hata moja.

Jambo hili la mwisho ndilo la kwanza kwa uzito. Kambi za Union Minière zilikuwa na nyumba za matofali, zahanati na shule, na zilichorwa na watu waliojua kazi yao. Hakuna aliyemuuliza mufanyakazi. Alipotaka kusema, alikuta uwanja wa mpira.